Ukifika kwenye magofu ya tsunami, tafuta ngazi kwanza

Mara ya kwanza nilipokwenda Arahama, gofu la shule ya msingi iliyopigwa na tsunami huko Sendai, Japani, nilikuta geti limefungwa. Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimepanda treni ya chini ya ardhi kutoka stesheni kuu ya Sendai mpaka Arai, mwisho wa reli, nikadandia basi kwa robo saa nyingine, nikashuka peke yangu kwenye kituo kilicho katikati ya uwanda mtupu, upepo wa bahari ukinichapa masikio. Shule ilikuwa pale mbele yangu, ghorofa nne, imesimama kama jino moja lililosalia mdomoni mwa mzee. Na basi la kurudi lilikuwa bado saa nzima. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo kabisa: usiende Jumatatu.

Nina mwaka wa tano sasa hapa Sendai, masomo kwanza, kazi baadaye. Kwetu ni Msasani, Dar es Salaam. Kila wanapoingia wanafunzi wapya kutoka Tanzania na Kenya naulizwa swali lilelile: wikendi twende wapi? Wengi hupelekwa Matsushima kuangalia visiwa na kula chaza wa kuchoma. Nendeni tu, chaza wa kule ni watamu kweli. Lakini tengeni na siku nyingine kwa ajili ya magofu ya tsunami, hasa nyinyi mliozaliwa pwani. Mimi nimeshakwenda zaidi ya mara kumi, nyingine nikisindikiza wageni, na yapo mambo ambayo ningeshukuru kuambiwa kabla ya safari ile ya kwanza.

Kwa asiyekumbuka: tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana (natumia saa zetu za Kiswahili), ardhi chini ya bahari upande wa mashariki wa Japani ilitetemeka kwa ukubwa wa 9.0. Waliothibitishwa kufa ni karibu watu 15,900, na zaidi ya 2,500 hawajaonekana mpaka leo. Nyumba nyingi zilistahimili tetemeko lenyewe. Kilichoua zaidi ni maji yaliyofuata, na maji hayo hayakuja papo hapo. Sehemu nyingi yalichukua nusu saa, kwingine zaidi ya saa nzima. Shika hilo kichwani, maana magofu yote nitakayoyataja ni habari ya namna watu walivyozitumia dakika hizo.

Haya, turudi Arahama. Niliporudi siku ya wazi (kiingilio ni bure), nilifanya kosa la kila mgeni. Nilikimbilia sakafu ya chini na simu mkononi. Dari limechanika, nyaya zinaning'inia, vyuma vimepinda kama majani ya mnazi. Ukutani wameweka picha za siku zile, magari yamejisokota ndani ya korido na magogo ya misonobari yamejaa madarasani. Nilipiga picha arobaini. Jioni nilipozifungua nikaona sijaelewa kitu. Jengo lolote bovu ningelipiga vilevile.

Mara ya tatu nilibadilisha utaratibu, na ndio ninaowafundisha wote ninaowapeleka. Anza nje. Simama utazame upande wa bahari: iko kama mita 700 tu. Kisha geuka utazame bara: uwanda umelala tambarare, hakuna kilima cha karibu, milima inaonekana mbali kule magharibi kama picha kwenye kalenda. Sasa jiulize, una mtoto mgongoni na bibi yako anatembea kwa mkongojo, unakwenda wapi? Jibu liko mbele yako, nalo lina ngazi. Zitafute hizo ngazi kabla hujatafuta kitu kingine chochote. Halafu zipande kwa mwendo wa bibi.

Wajapani huhesabu sakafu ya chini kuwa ndiyo ya kwanza, nami nitahesabu hivyohivyo. Kwenye sakafu ya pili wameonyesha maji yalipofika: sentimita 40, chini kidogo ya goti langu. Kwa nje hiyo ni mita 4.6 kutoka ardhini. Niliweka mguu pale kwenye alama nikakaa nao kidogo. Kisha nikapanda sakafu moja tu zaidi, ngazi zilezile, na huko rangi ya ukuta haijababuka hata mahali pamoja. Ubao wa darasa ni mzima. Siku ile watu 320, wanafunzi na walimu na majirani, walikuwa huko juu na kwenye paa wakitazama maji yakipita chini yao, huku theluji ikianguka.

Kitu kilichonikaa zaidi ni saa ya ukutani iliyotoka kwenye ukumbi wa mazoezi. Imesimama saa 9:55. Toa 8:46. Saa moja na dakika tisa. Muda huo unatosha kupika wali, ukaupakua, ukala. Unatosha pia kurudi nyumbani kufuata pochi, au kwenda kumwangalia jirani, na ndani ya kitongoji hicho zaidi ya watu 190 walikufa. Shule ilikuwa imeshahamisha blanketi na vifaa vya dharura kutoka ule ukumbi wa chini kwenda juu, kabla ya siku hiyo. Mtu alikaa kikaoni akasema, jamani, vitu hivi vikilowa vitatusaidia nini? Sijui kama alipigiwa makofi. Lakini watu walilala huko juu na baridi ya theluji, helikopta zikawachukua kidogokidogo, na kutoka tetemeko mpaka wa mwisho kuokolewa zilipita saa 27. Kuna filamu yake inaonyeshwa sakafu ya nne. Itazame yote mpaka mwisho, usiondoke katikati kuwahi basi.

Ukitoka shuleni, tembea kuelekea baharini ukaone misingi ya nyumba iliyoachwa kama ilivyokuwa. Hairuhusiwi tena kuishi pale. Siku ile ya Jumatatu, nikisubiri basi, nilisimama juu ya kipande cha sakafu chenye vigae vidogo vya buluu, nikachukua muda kuelewa kwamba niko bafuni kwa mtu.

Baada ya Arahama nilijiona nimehitimu. Okawa ikanirudisha darasa la kwanza.

Shule ya msingi Okawa iko Ishinomaki, kando ya mto Kitakami, karibu kilomita nne kutoka mdomo wa mto. Bila gari ni shida kufika. Tulikodi mimi na rafiki yangu mmoja wa Nairobi, mwezi wa nne, jua limetoka, maua ya cheri yamechanua njia nzima, redio inaimba. Tulifika tukiwa na furaha ya safari. Rafiki yangu akanyanyua simu, nami nikatabasamu, vidole viwili hewani kama wanavyofanya vijana wa hapa. Nilipogeuka nikamwona mama wa makamo amechutama mbele ya mnara wa kumbukumbu, ubani unafuka, mikono ameikunja. Hakutuangalia hata kidogo. Afadhali angetufokea. Tuliifuta ile picha ndani ya gari, hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika barabara kuu. Kwa hiyo: unaweza kupiga picha ya jengo, hakuna atakayekukataza, ila sura yako iache nje. Kwa wenyeji pale ni makaburini.

Siku ile watoto 78 walikuwa uwanjani na walimu 11. Maji yalifika saa 9:37. Ni dakika 51 tangu tetemeko. Watoto 74 wa shule hiyo walikufa au hawakupatikana, pamoja na walimu 10. Muda wote huo, karibu wote, walikuwa wamepangwa uwanjani wakisubiri uamuzi. Walipoondoka hatimaye, waliongozwa kuelekea sehemu iliyoinuka kidogo karibu na daraja, yaani upande wa mto, na ndiko walikokutana na maji.

Na nyuma ya shule kuna mlima. Hili hutalielewa kwa kusoma, inabidi usimame pale. Mlima uko pale, umeegemea uwanja, kama ukuta wa jirani. Watoto walikuwa wakiupanda kwa ajili ya somo la kulima uyoga. Safari yangu ya pili nilikwenda na kikundi kilichoongozwa na msimulizi, nikaomba ruhusa nikapima kwa saa ya mkononi kutoka usawa wa uwanja mpaka pale palipowekwa alama ya maji yalipofika mlimani. Sikumaliza dakika mbili, na mimi si mwepesi, ugali nimeula wa kutosha. Dakika mbili, na wao walikuwa nazo 51.

Rahisi sana kusema walimu walikuwa wajinga. Nilisema hivyo nami, ndani ya moyo wangu, mpaka niliposoma habari ya kesi. Wazazi wa watoto 23 walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Sendai iliwapa haki, na Oktoba 2019 Mahakama ya Juu ikakataa rufaa, hukumu ikabaki. Uzito wa hukumu ile ni kwamba haikuishia kwenye mchana ule; ilirudi nyuma, kwenye maandalizi ya kabla ya maafa. Mwongozo wa dharura wa shule ulisema, ikija tsunami, watu wahamie kwenye kiwanja cha wazi au bustani iliyo karibu. Karibu na Okawa hakuna kiwanja wala bustani ya kufaa. Mtu aliandika sentensi ile akiwa ofisini, mwingine akaisaini, ikaingia kabatini. Ramani ya hatari nayo ilikuwa inaonyesha kwamba maji hayatafika hapo. Shule yenyewe ilikuwa imeorodheshwa kuwa kimbilio. Basi watu wazima wakabaki wanabishana na karatasi, mlima uko mgongoni mwao.

Na kwa ushahidi uliotolewa baadaye, walikuwepo watoto waliosema: twendeni mlimani.

Ndiyo maana nawasihi mkitoka Okawa msiishie hapo, mtarudi nyumbani na uchungu usio na kazi. Tafuteni siku mwende Ukedo, mji wa Namie, Fukushima. Ile nayo ni shule ya msingi, mita 300 tu kutoka baharini, imetobolewa na maji vilevile. Watoto 82 waliokuwepo siku ile walipona wote, na walimu wao wote. Hawakusubiri. Walitembea kilomita moja na nusu kuelekea kilima cha Ohira, na walipofika chini yake ni mtoto mmoja, aliyezoea kwenda huko kwa mazoezi ya besiboli, aliyewaonyesha walimu njia ya kupandia. Walimu wakamfuata mtoto. Kila nikisimama pale nawaza ile sauti ya Okawa na hii ya Ukedo. Sisi tuliolelewa kwamba mtoto hasemi mbele ya wakubwa, hebu tulitafakari hilo.

Kuna gofu jingine ambalo hutaliona kwa sababu limebomolewa. Kule Unosumai, mji wa Kamaishi, palikuwa na jengo lililoitwa kituo cha kuzuia maafa. Jina zuri. Lakini halikuwa kimbilio la tsunami. Lilikusudiwa watu wakae baada ya hatari kupita. Kimbilio halisi lilikuwa juu kilimani. Sasa, wazee kupanda kilima kila zoezi ni taabu, na mahudhurio yalikuwa yanapungua, ikaonekana mazoezi yafanyikie hapo kituoni, karibu na nyumbani. Watu wakazoea. Siku yenyewe ilipofika walikimbilia pale walipozoea, na waliofia ndani wanakadiriwa kuzidi 160. Mji huohuo wanafunzi wa sekondari ya chini walikimbia kupanda juu, wadogo wa shule ya msingi jirani wakawafuata, walipofika kimbilio la kwanza wakaona hapatoshi, wakapanda tena. Wakapona. Siku hizi kuna makumbusho hapo Unosumai, karibu na stesheni. Mimi nikisikia zoezi la dharura limefanywa fupi ili watu wasichoke, ofisini kwetu au popote, namwaza mzee aliyefurahi kwamba safari hii hakupandishwa kilima.

Taro na Minamisanriku nitazisema kwa pamoja kwa sababu zote mbili ni habari ya namba. Taro, huko Miyako, walikuwa na ukuta wa bahari wa mita 10, wakausifia nchi nzima. Ulianza kujengwa baada ya tsunami ya 1933. Tangazo la kwanza la 2011 kwa mkoa wa Iwate lilisema mawimbi ya mita 3. Mtu mwenye ukuta wa mita 10 akisikia mita 3, anakimbilia wapi? Anaketi amalizie chai yake. Yakaja ya zaidi ya mita 16. Hoteli ya Taro Kanko imeachwa ilivyo, sakafu mbili za chini zimebaki nguzo tupu, na mwenye hoteli alirekodi video akiwa sakafu ya sita. Video hiyo unaonyeshwa humohumo hotelini, ukitaka kuiona lazima uende, na uweke nafasi mapema. Minamisanriku nako tangazo la kwanza kwa mkoa wao lilikuwa mita 6. Ofisi ya maafa ya mji, sakafu tatu, ilizama mpaka juu ya paa, ikaua watu 43. Mmoja wao ni Endo Miki, dada wa miaka 24 aliyekuwa kwenye kipaza sauti akiwahimiza wananchi wakimbilie juu. Imebaki mifupa ya chuma chekundu, na bustani imeizunguka. Wapo wafiwa waliotaka ibomolewe, hawawezi kupita wakaiona kila siku, na wapo waliotaka ibaki. Mkoa ukaichukua kuitunza mpaka 2031 ili watu wapate muda wa kuwaza bila haraka, na mwaka 2024 mji ukaamua iachwe. Kule Otsuchi, ambako meya mwenyewe alifariki, jengo la halmashauri walilibomoa mwaka 2019. Siwezi kusema nani alikosea. Mimi ni mgeni.

Mambo ya safari niyamalize haraka. Tafuta msimulizi, wenyewe wanawaita kataribe. Ni watu waliokuwepo, au waliofiwa, na gofu bila wao ni saruji tu. Weka nafasi kabla. Wengi huzungumza Kijapani peke yake, hivyo mwombe rafiki atafsiri. Programu ya simu inakwama pale pale palipo muhimu. Maswali ya "ulijisikiaje" yaache. Muulize alikuwa amesimama wapi, alisikia nini kwanza, nani alisema tuondoke. Watajibu kwa kirefu, wengine watakuchorea hata ramani chini kwa kijiti. Tarehe 11 Machi yenyewe usiende kitalii. Vaa viatu vya kupandia. Na usipange magofu matatu siku moja, la tatu utaliangalia kama duka.

Sasa aibu yangu. Baada ya Okawa nilirudi chumbani nikakumbuka kwamba siku niliyojiandikisha kwenye ofisi ya kata nilipewa bahasha yenye ramani ya hatari ya mtaa wangu, imetiwa rangi, na maelezo ya lugha ya kigeni ndani yake. Niliitafuta nusu saa. Nilikuwa nimeitandika kabatini chini ya vyombo, ina doa la mafuta ya kula juu ya mtaa wangu mwenyewe. Ukiwa unaishi Japani na unasoma maneno haya, inuka sasa hivi uitafute ya kwako. Itembee ile njia kwa miguu, mara moja mchana, mara moja usiku. Mkoba wa dharura utajaza siku nyingine: maji, tochi, filimbi, dawa zako, nakala ya pasipoti. Njia kwanza.

Na nyumbani je? Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004 nilikuwa na miaka tisa. Ufukwe ulikuwa umejaa, sikukuu ya pili ya Krismasi, muziki, mishikaki. Mjomba wangu ni mvuvi. Alikuwa amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa akishona jarife, mara akaacha sindano. Maji yalikuwa yanapwa, na wakati wa kupwa haukuwa ule. Mtu wa pwani anajua saa za maji kuliko saa za ukutani. Alituita kwa ukali wake wote, tukapanda, tukimnung'unikia. Maji yakajaa ghafla, yakapwa tena, yakajaa, kama mtu anayehema, mpaka jioni. Watu wasiopungua 10 walikufa Tanzania siku hiyo, na wamo watoto waliokuwa wanaogelea. Kenya, ambako habari ziliwahi na watu wakaondolewa ufukweni, alikufa mmoja. Somalia karibu 300, wengi upande wa Hafun.

Tetemeko lenyewe lilitokea Sumatra saa 9:58 usiku kwa saa zetu, tumelala. Mawimbi yalitufikia mchana. Tulikuwa na muda mara nyingi zaidi ya ule wa Okawa, lakini hatukuwa na habari. Tofauti hii ndiyo ya kuichukua ukitoka huku. Japani ardhi ikitikisika sana na kwa muda mrefu, huo wenyewe ndio mbiu ya mgambo, huhitaji redio. Kwetu ardhi inaweza isitikisike hata kidogo. Dalili itakuwa kwenye simu, maana mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi ambao haukuwepo 2004 sasa upo, na taarifa zinapitia TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kwa Tanzania na idara ya hali ya hewa kwa Kenya. Au itakuwa bahari inayopwa nje ya saa zake. Ukiona miamba na majani ya bahari yamebaki wazi wakati hayapaswi, usishuke kuokota samaki. Na ukishapanda juu usiteremke kwa sababu wimbi la kwanza limepita. Yanakuja mengi, na la kwanza mara nyingi silo kubwa. Kisiwa cha Simeulue, jirani kabisa na kitovu cha tetemeko lile la 2004, watu wapatao 78,000, walikufa 7 tu. Hawakuwa na king'ora. Walikuwa na neno moja, smong, ambalo bibi zao waliwaimbia tangu tsunami ya 1907: ardhi ikitikisika, bahari ikirudi nyuma, kimbia juu.

Juu kwetu ni wapi? Msasani ni Arahama tupu, tambarare. Mwezi uliopita nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Nina swali. Bahari ikija, unakwenda wapi?"

"Marahaba. Kwani inakuja lini?"

Nilimweleza habari za ngazi. Akasikiliza, akasema jengo refu la karibu ni lile la ghorofa nne lenye maduka chini, akaahidi atalipita akitoka sokoni. Juzi amenipigia mwenyewe. Amekwenda, amemwambia mlinzi anataka kupanda mpaka juu akitumia saa ya simu, mlinzi akadhani mama anauza kitu. Walipoelewana akamwambia ukweli: ngazi za kupandia juu zina geti, linafungwa kwa kufuli saa kumi na mbili jioni na Jumapili kutwa. Ufunguo anao mwenye jengo, anakaa Mikocheni. Mama amechukua namba yake. Anasema akimkosa kwenye simu, Jumamosi anamfuata hukohuko, na atamchukua mjomba.